Kugandisha udongo wenye sumu kwa saruji: tathmini ya huduma inayouzwa kwa wenye viwanja vya viwanda vya zamani Tanga

Mwenye kiwanja cha kiwanda cha zamani Tanga akishapokea majibu ya maabara yanayosema udongo wake una risasi, kromu au aseniki, haichukui muda ataletewa ofa hii: udongo wako hauhamishwi, tunauchanganya na saruji palepale ulipo, unaganda, sumu inafungwa ndani, tunafunika juu, unaendelea na shughuli zako. Ofa inavutia, na si ya uongo. Saruji inatengenezwa Pongwe, nje kidogo tu ya mji, kwa hiyo nauli ya malighafi ni ndogo. Wala hakuna tipa lililojaa udongo wa sumu linalokatiza Chumbageni kutafuta pa kumwaga. Tumeipitia huduma hii hatua kwa hatua ili anayetaka kuilipia ajue ananunua nini na aulize nini kabla ya kusaini.

Hukumu yetu tunaiweka mapema. Kwa risasi, kadimiamu na zinki ni huduma nzuri, mradi kipimo cha saruji kimejaribiwa kwanza kwa udongo wa kiwanja hichohicho. Kwa kromu na aseniki inafaa tu ikiwa kuna dawa inayotangulia saruji. Kwa DDT na viuatilifu vya jamii yake, kwa mafuta mengi na kwa viyeyushi kama benzini, usiinunue kwa bei yoyote.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kugandisha si kusafisha. Risasi iliyokuwamo kabla ya kazi imo baada ya kazi, kilo kwa kilo. Kinachobadilika ni kwamba maji hayaibebi kirahisi na upepo hauipeperushi. Kwa hiyo kiwanja kinabaki na masharti: hakichimbwi kisima, hakipandwi mchicha, hakichimbwi msingi bila utaratibu, na atakayekinunua lazima aambiwe kwa maandishi. Anayetaka kuuza viwanja vya makazi hapo anahitaji huduma nyingine, ya kuchimba na kuondoa. Kampuni inayoandika neno "kusafisha" kwenye zabuni ya kugandisha tayari imeanza vibaya.

Vipimo vya kabla ya kazi

Zabuni nzuri inaanza na ramani. Kiwanja kinagawanywa vyumba vya mita 5 kwa 5, na kila chumba kinachukuliwa sampuli katika vina vitatu: sentimita 0 hadi 15, 15 hadi 50, na 50 hadi 100. Penye msingi wa tangi la asidi, mtaro wa maji machafu au mlango wa stoo ya kemikali, kina kinaongezwa. Kuna sababu. Risasi kwa kawaida hung'ang'ania udongo wa juu, lakini kromu ya valensi sita, umbo lake la hatari, husafiri na maji, na chini ya tangi la asidi lililovuja kila kitu husafiri, maana asidi huyeyusha metali na kuzipeleka chini. Zabuni inayopima uso tu itakugandishia kifuniko na kuiacha sumu chini yake.

Upimaji wa haraka hufanywa kwa mashine ya mkononi ya XRF, ile inayoshikwa kama bunduki. Ni kifaa kizuri sana kwa kazi hii, kwa sababu ndani ya dakika moja au mbili kinakupa namba, na eneo zima linachorwa kwa siku chache. Lakini kina mipaka yake, na wanaokodisha huduma hawaisemi. Udongo wenye maji zaidi ya asilimia 20 hushusha usomaji, kwa hiyo baada ya mvua sampuli ikaushwe na kuchekechwa kwa chekeche la milimita 2 kabla ya kupimwa. Mashine huitambua kila metali kwa mstari wake wa miale, na mstari mkuu wa aseniki unakaa karibu kabisa juu ya mstari wa risasi, kiasi kwamba risasi ikizidi aseniki mara 10, namba ya aseniki haiaminiki tena. Mashine haitofautishi kromu ya valensi tatu, isiyo na madhara makubwa, na ile ya valensi sita inayosababisha saratani. Na viuatilifu haivioni kabisa: kiwanja kilichojaa DDT kinaweza kupita mbele yake kikiwa kimya. Ndiyo maana angalau sampuli moja katika kila 10 ipelekwe maabara. Mashine yenyewe ni ya eksirei, hivyo mwenye nayo awe na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Muombe akuonyeshe.

Kipimo cha saruji

Hapa ndipo pesa yako inapoenda, na ndipo makosa makubwa hufanyika. Kawaida saruji huwa kati ya asilimia 5 na 15 ya uzito mkavu wa udongo. Tuchukue kiwanja cha mita 20 kwa 30 kinachogandishwa nusu mita kwenda chini. Hizo ni mita za ujazo 300. Kwa udongo wenye tani 1.6 kwa mita ya ujazo, ni tani 480. Kwa asilimia 10, saruji ni tani 48, yaani mifuko 960 ya kilo 50. Kwa chumba kimoja cha mita 5 kwa 5 ni mifuko 40. Namba hii ya mifuko kwa chumba iandikwe kwenye mkataba, kwa sababu msimamizi anaweza kuihesabu kwa macho: mifuko 40 mitupu ikusanywe kabla ya kijiko cha kuchimbia kuhamia chumba kinachofuata.

Mwenye kiwanja husikia asilimia 10 akadhani 15 ni salama zaidi. Kwa risasi si hivyo. Risasi huyeyuka ikiwa kwenye asidi, hutulia ikiwa kwenye pH (kipimo cha asidi na alkali: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali) ya 8 hadi 10 na kidogo juu yake, kisha huanza kuyeyuka tena pH ikipanda kuelekea 12 na zaidi. Maji yaliyomo ndani ya zege changa yana pH ya zaidi ya 12.5. Ukimimina saruji bila kipimo kwenye udongo wenye risasi nyingi unaweza kuitoa sumu uliyotaka kuifunga. Zinki nayo ina tabia hiyohiyo, na juu ya hilo huchelewesha saruji kushika.

Suluhisho ni jaribio dogo la maabara kabla ya kazi: udongo wa kiwanja chenyewe, kutoka chumba kibaya kuliko vyote, unachanganywa na saruji kwa asilimia 5, 10 na 15, vipande vinakaa siku 28, vinapimwa. Linachukua mwezi na kidogo. Kampuni inayosema haina haja ya jaribio kwa kuwa "imeshafanya udongo kama huu" haijui kwamba mchanga wa Raskazone na udongo mwekundu wa mfinyanzi wa bara kidogo havishiki saruji kwa namna moja. Mfinyanzi unakunywa chokaa kwanza kabla saruji haijapata nafasi ya kufanya kazi. Mchanga hauna haja hiyo, lakini unapitisha maji.

Aseniki. Saruji peke yake huifunga kwa kutengeneza chumvi ya kalsiamu na aseniki, nayo inaonekana imara kwenye majaribio ya mwezi wa kwanza. Hewa ya kaboni ikishaingia polepole, chumvi hiyo huvunjika na aseniki hutoka tena. Kwa hiyo kwanza kitiwe chuma cha feri (chuma cha valensi tatu), kama salfeti ya feri au kloridi ya feri, kipimo cha kuanzia kikiwa si chini ya kilo 3 za chuma kwa kila kilo 1 ya aseniki, kichanganywe, kikae siku moja, ndipo saruji ifuate. Kuna wauzaji wanaopendekeza mbolea ya fosfeti ili kuifunga risasi. Kwa risasi tupu ni wazo zuri, kwani huzaa madini magumu sana kuyeyuka. Lakini palipo na aseniki pamoja na risasi, fosfeti huipokonya aseniki nafasi yake kwenye udongo na kuisukuma kwenye maji. Kiwanja kilichowahi kutibu mbao au kuchanganya dawa za kuogeshea mifugo kinaweza kuwa na vyote viwili.

Kromu ya valensi sita lazima ishushwe hadi valensi tatu kabla ya saruji kuguswa. Salfeti ya fero (ya chuma cha valensi mbili, si ile ya feri) ndiyo inayotumika zaidi, ile ya fuwele za kijani. Kikemia zinahitajika kilo 16 za fuwele hizo kwa kila kilo 1 ya kromu, na shambani hupigwa mara mbili au tatu kwa sababu udongo wenyewe hula sehemu. Turudi kwenye tani zetu 480: ikiwa zina miligramu 500 za kromu hiyo kwa kilo, kromu ni kilo 240, na dawa kwa kipimo cha mara mbili ni tani 7.7. Angalia rangi ya mzigo unapofika. Fuwele zilizogeuka njano au kahawia kama kutu zimeshakutana na hewa, nguvu imekwisha, hata kama lebo ni mpya. Stoo yenye joto na unyevu wa pwani huziua upesi, kwa hiyo mzigo uagizwe wiki ya kazi, wala usikae bandarini au stoo miezi.

Vitu viwili vinavyoharibu kazi nzuri

Cha kwanza ni salfeti. Kiwanda chochote cha mbolea au cha asidi ya salfa huacha salfeti nyingi udongoni. Udongo wa pembeni mwa bahari nao unayo, maana maji ya bahari yana karibu miligramu 2,700 za salfeti kwa lita. Salfeti ikikutana na kalsiamu ya saruji, aluminamu ya mfinyanzi na maji, huzaliwa fuwele ndefu kama sindano ziitwazo etringaiti, ambazo huvimba. Wiki au miezi baada ya kazi, uso uliokuwa tambarare unanyanyuka, unapasuka, na maji ya masika yanaingia kwenye nyufa hadi ndani ya udongo uliogandishwa. Wahandisi wa barabara wa Texas, ambao tatizo hili liliwatesa sana, hutumia mwongozo huu: chini ya miligramu 3,000 za salfeti kwa kilo ya udongo, endelea, kati ya 3,000 na 8,000, kuwa na tahadhari, juu ya 8,000, usitumie chokaa wala saruji ya kawaida.

Sasa rudi kwenye zile tani 7.7 za dawa ya kromu. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni salfeti. Kuziweka kwenye tani 480 za udongo kunaongeza zaidi ya miligramu 5,500 za salfeti kwa kilo, yaani udongo uliokuwa salama kabisa umevuka kuingia eneo la tahadhari kwa dawa uliyonunua mwenyewe. Hatujaona zabuni inayolifanya hesabu hili kwa hiari yake. Lazimisha lifanywe. Udongo ukiangukia eneo la kati, njia inayosaidia ni kutia chokaa na maji ya kutosha, kuuacha siku 3 hadi 7 uvimbe unavyotaka, kisha kuuchanganya upya na saruji na kuushindilia. Uvimbe uliotokea kabla ya kushindilia haudhuru. Ukiwa juu ya 8,000, tafuta saruji yenye majivu ya tanuru au pozolana nyingi, au achana na njia hii.

Cha pili ni amonia, na hiki kinaweza kuua mtu siku ya kwanza. Palipohifadhiwa mbolea ya salfeti ya amonia, udongo umeinywa. Ukiutia chokaa au saruji, pH inapanda na amonia inatoka kama gesi, yote kwa pamoja, usoni kwa kibarua aliyeinama juu ya shimo. Kipimo chake ni rahisi mno kiasi kwamba kutokukifanya ni uzembe: weka kiganja cha udongo kwenye chupa ya kioo, tia kijiko cha chokaa na maji kidogo, funika, ning'iniza karatasi nyekundu ya litimasi iliyoloweshwa ndani ya mdomo wa chupa. Ikigeuka bluu ndani ya dakika chache, amonia ipo. Usinuse. Udongo wa namna hiyo ugandishwe kwa vipande vidogo, wafanyakazi wakisimama upande upepo unakotoka na wakiwa na barakoa zenye kichujio cha amonia, maana zile za vumbi hazizuii gesi.

Kuchanganya

Aliyewahi kusonga ugali anajua: unga ukitiwa mwingi kwa mkupuo na mwiko ukaenda kivivu, unapata madonge yenye unga mbichi ndani. Udongo wa mfinyanzi uko hivyohivyo. Nje dongo limevaa saruji, limekuwa gumu, linapendeza. Ndani ni udongo uleule wenye sumu, haujaguswa. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kazi hizi kushindwa, kuliko ubovu wa saruji.

Kwa hiyo uliza mashine gani itatumika. Kijiko cha kawaida chenye meno kinaweza kufanya kazi kwenye mchanga, kikipitisha mara 4 au 5 na kupindua kila mara. Kwenye mfinyanzi hakitoshi. Inahitajika mashine ya kusaga udongo, ya ngoma inayozunguka yenye meno, au angalau jembe la trekta la kuzunguka kwa tabaka la sentimita 20 hadi 25 kila moja. Mfinyanzi mgumu upewe chokaa asilimia 2 au 3 usiku wa kuamkia kazi. Asubuhi utakuta umekuwa wa punje, unasagika.

Kukagua mchanganyiko kuna njia rahisi na ya haki kwa pande zote mbili. Chukua fenolfutalini, asilimia 1 kwenye spiriti, itie kwenye chupa ya kupulizia. Vunja dongo katikati, pulizia. Palipofika saruji panakuwa waridi kali. Palipobaki rangi ya udongo hakuna saruji. Fanya madongo 10 kwa kila chumba, kutoka kona zote na kutoka chini kabisa. Likikutwa hata dongo moja lenye moyo usio na rangi, linalozidi ukubwa wa kidole gumba, mashine irudi. Kipimo hiki hakisemi sumu imefungwa. Kinasema saruji, au chokaa iliyoitangulia, imefika. Kwa bei yake hakuna kinachokishinda.

Maji yatiwe mpaka udongo ukifinywa ushikane bila kutoa tone. Mchanganyiko ushindiliwe ndani ya saa 2 tangu saruji ilipokutana na maji. Kwa jua la Tanga hiyo ni mwisho kabisa, na kuchanganya kiwanja kizima asubuhi ili kushindilia jioni ni kutupa mifuko 960. Kisha ufunikwe na kumwagiwa maji siku 7. Magunia ya mkonge yaliyolowa yanafaa kuliko plastiki, kwa kuwa hayapeperuki na yanashika maji.

Vumbi ndilo linalopeleka sumu nyumbani. Nguo za kazi zisitoke kiwanjani, bafu liwepo, magurudumu yaoshwe na maji ya kuoshea yakusanywe, kula kuwe mbali na kiwanja, na wafanyakazi wa kwenye risasi wapimwe damu kabla na baada. Upepo wa kusi ukiwa mkali, mifuko isifunguliwe. Miezi mikavu zaidi ni Januari na Februari. Mkandarasi anayetaka kuanza Machi wiki ya mwisho, masika yakinukia, aambiwe asubiri.

Vipimo vya makabidhiano

Zabuni nyingi zinaahidi kufaulu TCLP na kuishia hapo. Ni kipimo cha Marekani: udongo uliogandishwa unasagwa, unatiwa kwenye maji yenye asidi ya siki mara 20 ya uzito wake, unazungushwa saa 18, na risasi kwenye maji hayo isizidi miligramu 5 kwa lita. Tatizo ni kwamba kipimo hiki kilibuniwa kuiga dampo la takataka za mji, ambako takataka zikioza hutoa asidi. Kiwanja chako si dampo. Asidi ile ikikutana na saruji iliyozidishwa hushusha pH hadi palepale risasi inapotulia, na majibu yanatoka mazuri kwa udongo ambao mvua ya kweli ingeuvujisha. Kwa hiyo kando yake dai kipimo cha SPLP, kinachoiga maji ya mvua, na pH ya maji yanayotoka iandikwe kwenye ripoti. Ripoti isiyotaja pH hiyo irudishwe.

Nguvu: kilopaskali 350 baada ya siku 28 ndicho kiwango cha chini kinachotajwa na mamlaka ya mazingira ya Marekani, na kinafikika kirahisi. Sisi tungedai vipande vitatu kwa kila mita za ujazo 50, vilivyochukuliwa na msimamizi wako, si na mkandarasi. Na vyumba viwili au vitatu vichimbwe kwa kuchagua bila kutangaza, hadi chini, vipuliziwe fenolfutalini.

Namba za mwisho za udongo zitoke kwenye kanuni za viwango vya ubora wa udongo za 2007 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na mpango mzima upite NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa. Viwango hubadilika. Marekani ilishusha mwongozo wake wa risasi kwa makazi kutoka miligramu 400 kwa kilo hadi 200 mwezi Januari 2024, kwa hiyo mkataba utaje namba, usiseme tu "kiwango kinachokubalika".

Pale usiponunua

Vikuge, Kibaha, viuatilifu vilivyoletwa kama msaada mwaka 1986 viliachwa wazi baada ya ghala kuanguka, na hata baada ya shehena kuondolewa, udongo ulikutwa bado na DDT nyingi mno. Wenye maghala ya zamani ya mashamba ya mkonge na pamba wakisikia hivyo huulizia saruji. Saruji haiivunji DDT. Chokaa na saruji huigeuza sehemu yake kuwa DDE, ambayo ni sumu na inakaa kwenye mafuta ya mwili miaka mingi, halafu ripoti inaandika kwamba DDT imepungua. Dai jumla ya DDT, DDE na DDD, si DDT peke yake. Chini ya Mkataba wa Basel, kiwango kinachotumika kuamua kama taka ya DDT lazima iharibiwe ni miligramu 50 kwa kilo. Juu ya hapo ni kuchimba, kufunga kwenye mapipa yaliyoidhinishwa na kupeleka kwenye tanuru la joto la nyuzi 1,100 na zaidi. Ni ghali. Hakuna njia ya mkato ya uaminifu.

Viyeyushi kama benzini hutoka hewani saruji inapopata joto la kushika, kwa hiyo unalipia kuwavutisha wafanyakazi wako hewa hiyo ya sumu. Mafuta na fenoli huizuia saruji kushika.

Kasoro moja ya huduma hii inatuuma kuliko zote: inaishia kwenye uzio. Owino Uhuru, Mombasa, jirani zetu, risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri iliingia kwenye nyumba za watu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hakuna zabuni ya kugandisha inayopima ua wa jirani, paa lake wala tangi lake la maji ya mvua. Ongeza kwenye kazi sampuli za mita 50 nje ya uzio, hasa upande kusi inakoelekea, na uzilipie wewe. Mficha maradhi kilio humfichua.

Malipo na baada ya kazi

Lipa kwa mita ya ujazo iliyopimwa ardhini kabla ya kuchimbwa, kamwe usilipe kwa tripu. Udongo ukichimbwa na kuchanganywa huvimba, na mita zetu 300 zinaweza kuwa 330 hadi 390. Anayelipa kwa tripu anaulipia uvimbe. Huohuo uvimbe utainua kiwanja, basi mifereji ichorwe upya kabla, maji ya mvua yasielekezwe kwa jirani. Zuia asilimia 20 ya malipo hadi majibu ya siku 28, na asilimia 10 nyingine hadi masika moja kamili ipite.

Juu kiwekwe kitambaa cha jeotekstaili, wavu wa rangi ya machungwa ili mchimbaji wa baadaye asimame, kisha nusu mita ya udongo safi, uliopimwa nao. Visima vya uchunguzi viwe vinne, kimoja upande maji ya ardhini yanakotoka na vitatu yanakoelekea. Chini ya sehemu kubwa ya Tanga ni mawe ya chokaa na matumbawe yenye mianya, kama mapango ya Amboni yanavyoonyesha, na maji humo hayaendi kwa mstari ulionyooka. Kisima kimoja cha chini kinaweza kukosea mkondo kabisa na kukupa majibu safi miaka mitano.

Tanga, waja leo waondoka leo, ndivyo wenyeji wasemavyo. Mkandarasi wa kazi hii asiwe hivyo. Mkataba umfunge miaka 5: maji yapimwe kila robo mwaka kwa miaka miwili ya kwanza, kisha mara mbili kwa mwaka, mara moja lazima iwe Juni, maji ya masika yakishashuka chini. Vipimwe pH, salfeti na metali zilizogandishwa. pH ikianza kupanda kisimani kabla ya metali yoyote kuonekana, saruji imepasuka mahali, na kuna miezi michache ya kupatafuta.